Kabla Hujamnyang'anya Dogo Simu: Gemu Lililopanga Kiwanja cha Kibera, na Sisi wa Mwisho wa Reli

Leo udaku tunauweka pembeni kidogo. Wale mliokuja kujua nani kaachana na nani msikimbie, hata hii ina watu wake, ila wengi wao hawana majina makubwa na picha zao hutaziona kwenye kurasa za mastaa.

Kuna kiwanja Nairobi, mtaa wa Kibera, kinaitwa Silanga. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilikubaliana na kampuni ya Sweden inayoitwa Mojang, wale wenye gemu la Minecraft, kufanya kitu ambacho ukimwambia mzazi wako hapa Kigoma atadhani umeanza kuvuta. Watu wa mtaani waingizwe ndani ya gemu, wote kwa pamoja, wapange eneo lao la wazi wanataka liweje. Wakishamaliza, wataalamu wa ramani wachukue kile kilichojengwa kwenye gemu wakigeuze kuwa michoro ya kazi. Na sehemu ya kwanza kabisa kujaribu haikuwa London wala Stockholm. Ilikuwa Kibera, kwenye kiwanja hicho cha Silanga.

Kwa wasiolijua, Minecraft ni dunia ya matofali. Unavunja tofali, unaweka tofali, unajenga nyumba, daraja, mlima, chochote. Lilianza 2009, likatoka rasmi 2011, na mwaka 2014 Microsoft waliinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Utamu wake ni kwamba haupo peke yako. Mwenzako akiweka ukuta unauona, ukiubomoa anakuona, mnagombana, mnaelewana, mnaendelea. Wewe unayecheza Free Fire na washkaji wanne kwa bando moja la kuungaunga unaelewa ninachosema, ila huku hakuna kuuana (au kupo, ila unaweza kukuzima).

Sasa hii ishu ya watu wengi kukutana ndani ya dunia ya kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza dunia ya kwanza ya namna hiyo. Haikuwa na picha hata moja. Ni maandishi tu: unaambiwa umesimama wapi, njia ziko ngapi, unaandika unataka kwenda upande gani, na kama kuna mwenzako mle ndani kwa saa ile unamkuta. Waliiita MUD. Bartle mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba yeye na mwenzake hawakuwa watoto wa kishua, na kutengeneza dunia ambayo mtu anapimwa kwa anachofanya, siyo kwa alikotoka, ilikuwa sehemu ya hamu yao. Hilo likae kichwani.

Walimu hawakuchelewa kunusa. Katikati ya miaka ya 1990 pale MIT, Marekani, kukawa na dunia ya maandishi ya watoto ambapo dogo anajiandikia programu mwenyewe ili mbwa wake wa kwenye gemu abweke. Halafu ikaja ile ninayoipenda mimi kuliko zote: River City, ya watu wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hii ilikuwa darasa kabisa. Wanafunzi wanarudishwa nyuma miaka ya 1800 kwenye mji mmoja wa kubuni ambao watu wake wanaumwa na hakuna anayejua kwa nini. Mnaingia kikundi, kila mmoja na mtu wake wa kwenye gemu. Mnatembea mitaani, mnahoji wakazi, mnachota maji ya mto mnayapima, mnaangalia mbu wako wapi, mnaingia hospitali kuona nani kalazwa. Ugonjwa siyo mmoja, na hapo ndipo watu walikuwa wanachanganyikiwa: mmoja unatoka kwenye maji, mwingine kwa mbu, mwingine unaambukizana mtu na mtu. Mwishoni mnamwandikia meya wa mji barua, mnamweleza tatizo ni nini na afanye nini.

Ukiwa mtu wa ziwa huwezi kusoma habari ya mji ule ukabaki kawaida. Mei 2015 kijiji chetu cha Kagunga, pale mpakani na Burundi, kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi ndani ya wiki chache. Wakati huo Kagunga ulikuwa unaifikia kwa ziwa, au kwa miguu kupanda milima, basi. Vyoo havikutosha, watu wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua na zaidi ya 30 walifariki, watu wakahamishwa kwa MV Liemba na boti nyingine kuletwa mjini, uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka kituo cha kupokelea. Wanafunzi wa Marekani walikuwa wanajifunza magonjwa kwenye mji wa kubuni, wakikosea wanarudia. Sisi tulijifunza kwa mazishi. Simlaumu mtu wa Harvard kwa hilo. Nasema tu kwamba somo lile lingependeza kufundishwa Kagunga, na maji ya kupima yangekuwa hapo hapo.

Baada ya hapo dunia ya wasomi ikashikwa na kiwewe. Mwaka 2003 kampuni moja ya San Francisco ilifungua Second Life, na ilipofika 2006 na 2007 vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinanunua visiwa humo ndani kama watu wanavyonunua viwanja Kigamboni. Visiwa vya kwenye kompyuta, kwa hela halisi. Wanajenga ukumbi wa mihadhara wenye viti, mhadhiri anakuja na mtu wake wa katuni, wanafunzi wanakaa. Mimi hapo sijawahi kuelewa: umepewa dunia unayoweza kuruka hewani, wewe unajenga darasa lenye viti!

Kwa nini sisi hatukuwepo kwenye shamrashamra hizo? Jibu ni waya. Mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nchi hii ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kukatakata, na Second Life ilikuwa inakula intaneti kama moto unavyokula majani makavu. Afrika ilikuwa na Chuo Kikuu Pepe chake, kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 na kuhamishiwa Nairobi 2002, lakini mwanzoni hicho kilikuwa zaidi kama televisheni: mhadhiri yuko mbali, wewe umekaa unamtazama. Hukutani na mtu, hujengi kitu. Na Kigoma? Ndugu yangu, Kigoma tulikuwa tunaendeshwa na majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa imeanza kuingia mkoani kuanzia 2022, kupitia Kasulu na majirani zake, na ujenzi wa kituo kikubwa cha kupoza umeme ukawa hapa hapa kwetu Kidahwe. Kwa hiyo wakati profesa wa ng'ambo anapaka rangi kisiwa chake cha kompyuta, huku mtu anasubiri jenereta liwashwe achaji Nokia ya tochi.

Basi na shamrashamra zenyewe hazikudumu. Mwishoni mwa 2010 wenye Second Life walitangaza kwamba punguzo la nusu bei waliokuwa wanawapa walimu linaondolewa, na upande wa vijana wadogo wakaufunga. Vyuo vikahama, visiwa vikabaki vitupu. Google nao walikuwa na ya kwao, Lively, ilizaliwa Julai 2008 na kufa Desemba 2008, haikumaliza hata mwaka. Miaka ya kazi ya walimu ilikwenda na maji kwa sababu dunia yote ilikuwa mali ya mwenye seva. Akizima, imezimwa. Wapangaji mnaelewa.

Ndiyo maana habari ya Kibera ina uzito kwangu. Wale waliojenga Silanga hawakuwa wanajenga kisiwa cha kwenye mawingu, walikuwa wanajenga pale wanapopita kila siku.

Na haikuanzia hewani. Mwaka 2009 vijana 13 wa Kibera, waliochaguliwa kutoka vijiji vya mtaa wao, walipewa vifaa vya GPS wakazunguka vichochoro vyote wakachora ramani. Mradi uliitwa Map Kibera. Kabla ya hapo ukifungua ramani ya Nairobi, pale kwenye mamia ya maelfu ya watu ulikuwa unaona doa tupu. Mtaa mkubwa vile, wenye jina la Kinubi lenye maana ya msitu, na ramani ikawa inautendea kama msitu kweli. Vijana wale wakaweka mabomba ya maji, vyoo, zahanati, shule, hata sehemu za giza ambazo ukipita usiku unaporwa. Wakaimwaga yote kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Kwa hiyo gemu lilipokuja 2012 lilikuta mtaa ambao tayari una watu waliozoea kujichora wenyewe. Watu wengi wanaosimulia hii habari wanaanza na Umoja wa Mataifa. Mimi naanza na hao 13.

Namna yenyewe ya kufanya kazi ni rahisi. Mradi uliitwa Block by Block, lengo lao lilikuwa maeneo 300 ya wazi duniani. Kwanza eneo linatengenezwa ndani ya Minecraft lilivyo kweli, kwa picha na ramani. Halafu wanaitwa watu wa pale pale: vijana, kina mama, wazee, wafanyabiashara. Wanakaa wawili hadi wanne kwenye kompyuta moja, na kompyuta zote zimeunganishwa, kwa hiyo wote wako kwenye eneo moja. Siku ya kwanza wanafundishwa kutembea na kuweka tofali. Wengi hawajawahi kushika kipanya. Siku zinazofuata wanajenga, wanabomoleana, wanabishana taa ziwe wapi na maji ya mvua yapite wapi. Mwisho kila kikundi kinasimama mbele ya watu wa halmashauri ya jiji na kuonyesha kazi yake. Sehemu kubwa ya darasa iko hapo kwenye kubishana, na ndiyo maana unahitaji dunia ya watu wengi, siyo gemu la mtu mmoja na simu yake chumbani.

Na kitu muhimu kwa mtu wa Kigoma: Minecraft haihitaji intaneti watu wakiwa chumba kimoja. Unaunganisha kompyuta kwa waya au kwa wifi ya ndani, basi, dunia yenu mnayo wenyewe. Bando lisipokuwepo mnaendelea. Mwenye seva San Francisco akiamka vibaya, haiwahusu.

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia, lakini. Gemu halina hela. Mnaweza kujenga uwanja mzuri kwenye kompyuta, halafu ule wa kweli unasubiri bajeti, na mabadiliko yanakuja kidogo kidogo, kwanza mtaro, kingine baadaye. Kuna pia hatari ya kuwa sinema: wageni wanakuja na kompyuta, picha zinapigwa na watoto wanaotabasamu, kompyuta zinarudi kwenye gari. Ofisi za UN-Habitat ziko Gigiri, jiji lile lile la Kibera, lakini ukipita Gigiri na ukipita Kibera unaweza kudhani umebadilisha bara. Mradi kama huo unapimwa kwa kilichobaki baada ya gari kuondoka.

Hapa Tanzania hatujalala kabisa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia Tandale, pamoja na wakazi, wakaichora kama Kibera ilivyochorwa. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar wakichora mitaa inayofurika: mitaro iko wapi, imeziba wapi, maji yalifika kiasi gani kwenye ukuta wa nyumba ya fulani. Hilo la mwisho kompyuta haiwezi kulijua. Lazima umuulize bibi anayekaa pale, anyooshe kidole. Mwaka huo huo ikaanza Crowd2Map, ya kuchora vijiji vya Tanzania, ambapo watu wa nchi mbalimbali wanachora nyumba na barabara kutoka kwenye picha za setilaiti na watu wa kijijini wanaweka majina kwa simu. Hiyo nayo ni dunia ya watu wengi kwa namna yake. Haina katuni tu.

Sasa tuje ziwani.

Ziwa letu lina tabia. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Lukuga ukiziba, ziwa linapanda. Miaka ya 1870 ulikuwa umeziba, Ziwa Tanganyika likapanda mpaka mwaka 1878 ule uzibe ulipopasuka, maji yakashuka mita kadhaa. Nenda Ujiji pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Siku hizo ilikuwa karibu na maji, leo umesimama kwenye mwembe unalitafuta ziwa kwa macho. Babu zetu waliona ufuko ukihama ndani ya umri wa mtu mmoja.

Na sisi tumeuona ukirudi. Kuanzia mvua za 2019 na 2020 na zilizofuata, maji yamepanda tena. Uvira, Bujumbura, Kalemie, na huku kwetu nyumba za ufukweni, miti, njia za mwaloni, vimeingia majini. Kuna watu Kibirizi na Katonga waliokuwa wanaanika dagaa mahali ambapo baadaye palipita mtumbwi. Juu ya hapo, tangu 2024 kukawa na kufunga uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kwa hiyo suala la ufuko upangweje, mwalo uwe wapi, kina mama waanike wapi, choo kijengwe umbali gani na maji (kumbuka Kagunga), siyo suala la mapambo. Hiyo ni ajira na uhai.

Mvuvi mzee ambaye hajasoma atachangia vipi? Block by Block walikwenda Haiti, mji wa pwani unaoitwa Les Cayes. Wavuvi wa pale, wengine hawajui kusoma wala kuandika, hawajawahi kugusa kompyuta, waliingia Minecraft wakapanga ufuko wao wenyewe. Tofali halihitaji ujue kusoma. Hanoi, Vietnam, waliokaa kwenye kompyuta ni wasichana, wakaonyesha sehemu za mtaa ambapo hawajisikii salama na nini kibadilishwe. Kwenye mkutano wa kawaida wa kijiji, msichana wa miaka 14 unamsikia akiongea lini? Kwetu mkutano unaanza na wazee na kuisha na wazee, vijana tumesimama nyuma tunachati.

Kigoma hii imetoa mastaa, majina mnayajua, sina haja ya kuyataja. Mwaka ule ule wa 2012 ambao Kibera wanaingia kwenye gemu, wasanii wa kwetu walikusanyika wakatoa Leka Dutigite, na nchi nzima ikajua mwisho wa reli kuna vipaji. Vipaji vya muziki tunavyo, havina ubishi. Ila kuna dogo wa Kidahwe ambaye hata jina lake mtaani hulijui, anajenga ramani nzima kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa mzazi na kwa mwalimu huyo ni mtoto aliyeharibika. Shuleni akikamatwa na simu ni balaa. Shule niliyosoma mimi, jina naliacha, chumba cha kompyuta kilikuwepo, na kufuli lake lilikuwa zima kuliko kompyuta zenyewe. Tulimaliza kidato cha nne tunachora kipanya ubaoni.

Siku hizi shule nyingi za serikali zimepata kompyuta kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na nguzo za umeme zinaonekana hata huku vijijini. Minecraft ya shule inalipiwa, hilo kweli. Lakini kuna Luanti, zamani ikiitwa Minetest, iliyoanzishwa na kijana wa Finland mwaka 2010. Ni dunia ya matofali vile vile, ya bure kabisa, inaingia kwenye kompyuta mbovu na kwenye simu za Android, na mwalimu anaweza kuiweka kwenye kompyuta moja na nyingine nne zikaungana nayo bila hata MB moja. Ramani ya kuanzia mnaichukua OpenStreetMap. Na kama ramani ya ufuko wa Katonga haijakamilika humo, basi hilo ndilo zoezi la kwanza la darasa, nendeni mkaichore, mkiwa na mzee wa mwaloni anayewanyooshea kidole maji yalifika wapi.

Kama kuna mwalimu wa Kigoma, Kasulu au Uvinza kashajaribu hii kitu, aandike hapo chini alitumia kompyuta ngapi na mkuu wa shule alisema nini. Na wewe wa Kibirizi, ungepewa tofali la kwanza ungeliweka wapi?